Miguu ya Mama Watatu wa Brivali

Nchi ya Brivali ipo, na atakayebisha na abishe. Haimo katika ramani, na waliofika huko hawakufika kwa kukata tiketi. Bi Somoe binti Famau, mwanamke wa Ngomwe, mwenye miaka hamsini na ushei na ulimi usiokaa na deni, alijikuta asubuhi moja ya baridi amesimama mbele ya lango lake, kajifunga leso moja kiunoni na nyingine kaitupia begani. Alifikaje hapo si habari ya kutupotezea wakati. Habari ni aliyoyaona huko, na zaidi ni lile moja alilokataa kuliona.

Langoni alikaa karani mmoja wa makamo, jina lake Vindomaro, mwenye masharubu mekundu yaliyoshuka mpaka kidevuni. Hakumwuliza jina, wala mzigo, wala nia ya safari. Alimkazia macho, akasema:

"Bibi, macho hayo umekuja nayo kutoka nje?"

"Kwani ulidhani nimeyaokota hapo njiani?"

Karani hakucheka. Aliruka kutoka kitini, akaivuta kamba ya kengele kwa mikono miwili, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka: "Mgeni! Jamani, mgeni kafika!" Watu wakatoka majumbani wakikimbia, wengine na unga mikononi, wakamzunguka Bi Somoe na kumtazama machoni kama watu wanaochungulia kisima kuona kama maji yamerudi.

Ikabidi aelezwe. Sheria ya kwanza ya Brivali, aliyoitamka Vindomaro kwa sauti ya mtu anayetaja nasaba yake, ni hii: mwenyeji haoni. Mwenyeji anaweza kutazama akipenda, hakatazwi, ila alichokitazama hakijawa kitu mpaka mgeni akione na kukitamka. Mwokaji wa Brivali hathubutu kusema mkate wake umeiva. Mama hasemi mwanawe amefanana na nani. Mvua ikinyesha, watu hutembea ndani yake kwa utulivu huku nguo zinawachuruzika, kwa kuwa hakuna mgeni aliyelowa. Sisi wengine husema mgeni njoo, mwenyeji apone, tukawa tumemaliza ukarimu wetu. Wabrivali wameifanya katiba.

"Na mgeni asipokuja?" akauliza Bi Somoe.

"Tunangoja."

Karani akamwonyesha mto uliopita mbele ya lango. Juu ya mto palikuwa na daraja la mbao, pana, limenyooka, nguzo zake nene na kingo zake zimepigwa randa. Pembeni mwa daraja, ndani ya maji, watu walikuwa wanavuka na mizigo vichwani, maji yamewafika kifuani, meno yanawagongana kwa baridi.

"Daraja lina kasoro gani?"

"Halijakwisha. Yaani nadhani limekwisha, lakini kudhani kwangu si kitu. Mgeni wa mwisho alipita mafundi wakiwa wamekwenda kula, akageuza uso upande wa pili."

"Basi mimi nasema limekwisha. Haya, wapitishe watu."

Vindomaro akamwonea huruma. "Bibi, daraja liko kwenye foleni. Wewe unangojewa kwa shauri kubwa zaidi, na mgeni haoni la pili kabla ya la kwanza."

Bi Somoe akavushwa mto juu ya mabega ya vijana wanne, daraja likiwa hatua chache tu kutoka ubavuni mwake, naye akisonya njia nzima. Alikuwa mtu wa kukasirika upesi kwa ajili ya wengine. Ndiyo tabia yake na wala hakuionea haya.

Ng'ambo ya mto barabara ilinyooka kama uzi wa fundi. Warumi ndio walioijenga, akasema Vindomaro. Walikuja zamani wakatawala, kisha wakaondoka zamani vilevile, ila taarifa ya kuondoka kwao haijathibitishwa. Kando ya barabara ilisimama miungu ya Brivali, imechongwa katika mawe ya rangi ya asali. Bi Somoe kibla chake ni kimoja, wala hakwenda Brivali kusujudia mawe. Lakini kazi nzuri ni kazi nzuri, na mikono iliyochonga nyuso zile ilikuwa mikono ya watu waliojua wanachokitaka. Kulikuwa na Mzee wa Nyundo, mashavu ya duara, nyundo yenye mpini mrefu mkononi. Kulikuwa na Bwana wa Pembe, aliyevishwa kofia ya chuma ya Kirumi, nayo kofia imetobolewa matundu mawili pembe zipite. Wote walivaa majoho ya Kirumi yenye mikunjo, na wote walikuwa wamezama ardhini mpaka mapajani. Bibi wa Farasi ndiye aliyemsimamisha Bi Somoe njiani. Alikaa juu ya farasi wake kwa madaha, kapu la tufaha mapajani, na farasi mwenyewe alikuwa tumbo juu ya udongo, hana mguu hata mmoja.

"Farasi gani huyu asiye na miguu?"

"Wa kwetu," akasema Vindomaro kwa unyenyekevu. "Miungu yetu yote haina miguu."

"Nani kasema?"

"Luki Sabino."

Huyo Luki Sabino alikuwa Mrumi, mpimaji wa barabara. Siku moja ya mvua alipita hapo juu ya farasi, ana haraka, akatupa jicho akasema, "Miguu siioni." Baraza likakaa wiki nzima kutafakari neno lake, likahukumu kwamba haipo. Tangu hapo elimu yote ya Brivali imejengwa juu ya msingi huo. Watoto shuleni huimba kwamba miungu ya Roma ina miguu, tena yenye viatu vya kamba mpaka gotini, ndiyo maana ilifika Brivali. Na ya Brivali haina, ndiyo maana haikufika Roma. Na kwa kuwa watu wenye miungu isiyo na miguu hawafai kutangulia, kila msafara wa Brivali lazima uongozwe na mtu wa nje. Harusi moja ilisimama barabarani ikingoja kiongozi mpaka bwana harusi akaota ndevu, na mahari ikaanza kuzungumzwa upya.

Bi Somoe hakucheka. Alikuwa amekumbuka la kwao. Ngomwe kuna magofu: nyumba za mawe na chokaa, visima, misikiti yenye mihirabu iliyonakshiwa. Alipokuwa msichana alikuja bwana mmoja mwenye kofia pana, akazunguka asubuhi moja, kisha akamwambia babake kwamba mji ule haukujengwa na watu wa pale, kwa kuwa kuta zake zimenyooka. Mzee Famau, ambaye babu zake wamelala chini ya kuta hizo, alikwenda ndani akatoka na timazi, kamba ya waashi ya kupimia unyofu, akaining'iniza kwenye ukuta wa nyumba aliyoijenga kwa mikono yake mwaka uleule. Yule bwana hakuangalia. Alikuwa anafunga mkoba wake.

*

Mkuu wa Baraza la Ulinganifu, Mheshimiwa Kunobari, alimpokea kwa mikate ya asali na maziwa ya moto. Alikuwa mzee mnene, mwenye sauti laini, kajizungushia joho jeupe la Kirumi lililomtaabisha kila alipoinua mkono. Baridi ya Brivali haina adabu, na joho lile lilikuwa jepesi. Kwa hiyo Mheshimiwa alivaa chini yake suruali nene ya sufu yenye miraba, wanayovaa Wabrivali wote tangu dunia iumbwe. Pindo la suruali lilichungulia kila alipokaa, naye kila mara aliinama akalifunika kwa joho, akiendelea kuzungumza.

Kazi ya baraza lake ilikuwa kuamua kila mungu wa Brivali anafanana na yupi wa Roma, ili apewe mavazi na jina la pili. Asiyefanana na yeyote hahesabiwi. Wengi walikwisha amuliwa. Waliobaki ni Mama Watatu wa chemchemi ya Kijito, wanawake watatu waliochongwa wamekaa pamoja katika jiwe moja, na mjadala wao ulikuwa umemaliza vizazi vitatu vya wazee: je, ni Juno, malkia wa miungu ya Roma, mara tatu, au ni Juno na majirani zake wawili?

"Sasa tumeamua kuwapandisha hadhi," akasema Kunobari, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetoa zawadi. "Tumejenga nyumba mpya mjini. Tutawaweka humo, juu ya kiti cha marumaru, karibu na miungu ya Roma yenyewe. Tena njoo uone."

Akampeleka uani. Kwenye mkokoteni, juu ya majani makavu, ililala miguu sita ya marumaru nyeupe, imevishwa viatu vya kamba mpaka gotini. Ilikuwa mizuri na imefanana yote.

"Tumewachongea miguu," akasema Mheshimiwa. "Kesho mafundi watawakata kwa msumeno usawa wa ardhi, maana chini hakuna kitu, kisha tutawaunga. Tunahitaji neno lako tu. Utatazama, utasema huoni miguu, jua likifika utosini msumeno uanze. Ukisema vinginevyo, sheria itakusikia pia. Na kwa kazi hiyo utaitwa Jicho la Brivali, na jina lako litachongwa kwenye nguzo, chini ya jina la Luki Sabino."

"Chini yake?"

"Sambamba, kama utapenda."

Bi Somoe alipenda sifa, tusimsingizie unyenyekevu. Alilitazama jina lake katika jiwe kwa jicho la ndani, akaliona limekaa vizuri. Akamega mkate mwingine wa asali.

*

Asubuhi ya pili, kabla ya baraza kufika, alikwenda Kijito peke yake. Chemchemi ilitoka chini ya mwamba, maji yake safi, na mbele yake walikaa Mama Watatu. Mmoja alipakata mtoto aliyefungwa nguo, wa pili alishika kitambaa cha kumpangusia, wa tatu alikuwa na mikate mitatu mapajani. Nyuso zao zilikuwa nzito, za wanawake waliokwisha sikia kila kisingizio. Mikono yao imelainika kwa kushikwa. Chini ya mapaja yao udongo uliwafunika, mweusi na mbichi.

Mwanamke mmoja alikuwa amepiga magoti hapo, anamwaga maziwa kutoka kibuyuni, polepole, mahali jiwe lilipoingia ardhini.

"Wewe ndiye Nemeta?" akauliza Bi Somoe, maana alikwisha sikia kwamba mtunzaji wa mahali pale ana jina hilo na kichwa kigumu.

"Ndimi. Na wewe ndiwe macho." Hakugeuka mpaka kibuyu kilipokwisha. Walikuwa wa rika moja, na mikono ya Nemeta ilikuwa imepasukapasuka kwa maji baridi. "Mama yangu alinizaa ameshika mkono wa huyu wa katikati. Mimi nimezaa watoto wanne nimeushika huohuo. Leo mchana wataniachia shimo nilitunze."

"Maziwa hayo ni ya nini?"

"Kila mwezi ukiandama tunawamwagia shinani. Ndivyo tulivyofunzwa. Maana yake haijui mtu. Baraza limeandika kuwa ni usafi, wakanipa kibali cha usafi."

Bi Somoe akachuchumaa karibu naye. Alikuwa amekwisha amua usiku ule, na alijisikia mkubwa. "Sikiliza, dada. Neno langu leo ni sheria. Wakiniuliza, nitasema naiona miguu, yote sita. Watafunga msumeno wao waende zao. Mambo yamekwisha."

Alitegemea shukrani. Nemeta akaweka kibuyu chini.

"Umeiona?"

"Sijaiona, lakini..."

"Basi utakuwa Luki Sabino wa pili. Yeye hakutazama akasema haipo, wewe hukutazama unasema ipo. Mimi ninapata nini hapo, zaidi ya uongo wa upande wangu?" Akajipangusa mikono kwenye nguo. "Mimi mwenyewe sijui kama ipo. Nimeona haya kuuliza maisha yangu yote. Lakini nikiambiwa na mtu aliyekuja jana, halafu nikaamini kwa kuwa amekuja jana, bora msumeno."

Maneno yalimchoma Bi Somoe, tena mahali palepale ilipokuwa imening'inia timazi ya babake. Akachota konzi ya udongo ule mweusi, akaugeuzageuza kiganjani.

*

Watu walijaa Kijito mpaka juu ya miamba. Mheshimiwa Kunobari alikaa kwenye kiti, mafundi wawili wakasimama pande mbili za jiwe, wameshika msumeno mrefu wenye meno mapana. Vindomaro aliandika. Mkokoteni wa miguu ya marumaru uliegeshwa kando, tayari.

"Mgeni wetu mtukufu," akasema Kunobari, "tazama utuambie. Unaiona miguu ya Mama Watatu?"

"Siioni," akasema Bi Somoe.

Wanawake wakaguna. Nemeta aliinama, lakini hakulia. Mafundi wakainua msumeno.

"Siioni kwa sababu kuna udongo. Ninaona udongo. Karani, andika: mgeni ameona udongo."

Kalamu ya Vindomaro ikasimama hewani. Katika historia yote ya Brivali hakuna mgeni aliyewahi kuona udongo. Wazee wa baraza wakakusanya vichwa, ukazuka mjadala ambao Bi Somoe aliusikiliza kwa subira ngeni kwake. Mzee mmoja akasema udongo ukishaonwa umekuwapo. Mwingine akasema ukiwapo, basi kilicho chini yake hakijaonwa, wala kuwapo wala kutokuwapo. Wa tatu, mwenye kikohozi, akauliza kama inaruhusiwa kukata kisichoonwa. Haikuruhusiwa. Ikaamuliwa udongo uondolewe kabla jua halijafika utosini, na kwa kuwa mwenyeji hawezi kuchimba asichokiona, mgeni akaletewa jembe.

"Kwetu mgeni hupewa jembe siku ya tatu," akasema Bi Somoe. "Leo ya pili. Sichimbi."

Wakatazamana. Ndipo Vindomaro, ambaye alipenda sheria kama wengine wanavyopenda mchuzi, akainua kidole. "Waheshimiwa, Nemeta ana kibali cha usafi wa mahali hapa. Akiondoa udongo, anasafisha."

Nemeta hakungoja wamalize kukubaliana. Alijitupa chini akachimba kwa mikono miwili, na udongo ukaruka. Ulikuwa laini, umelishwa maziwa ya miaka isiyojulikana. Mkono ukazama mpaka kiwiko, kisha shimo likampokea mpaka mabegani. Jua lilikuwa linapanda. Hatimaye akasimamisha mikono, akainua uso, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Akafunua midomo. Akaifunga, maana yeye ni mwenyeji.

"Mgeni aje atazame!" akaita Kunobari.

Bi Somoe alikuwa hatua tatu kutoka shimoni. Alitamani kutazama kuliko alivyowahi kutamani kitu. Lakini akajua, kama mtu anavyojua njia ya nyumbani kwao, kwamba akiinama pale na kusema naona, kitakachotoka shimoni kitakuwa chake. Vitabu vitaandika miguu ya Somoe. Watoto wataimba jina lake, na mtu wa Kijito atamwagia maziwa kitu alichopewa na mpita njia. Akaivuta leso ya begani, akaikunja mara mbili, akajifunga machoni, na fundo akalikaza nyuma ya kichwa.

"Fungua, Bibi!" Sauti ya Kunobari ilipanda. "Hakuna macho mengine!"

"Yapo mengi. Nimeyaona jana yote yakinitazama. Mwenye macho haambiwi tazama."

Alisikia chemchemi tu, na watu wakihema.

"Basi hakuna kilichoonwa," akasema Kunobari, na huzuni ilisikika katika sauti yake, maana hakuwa mtu mbaya. "Na jua limefika utosini. Kateni."

Bi Somoe akasikia meno ya msumeno yakigusa jiwe. Sauti ile ilimpita katika mifupa. Mvuto wa kwanza. Akakaza ngumi ili mikono isiende kwenye fundo. Akajiambia kwamba amekosea, kwamba kwa kiburi chake ameua kitu cha watu, kwamba angesema uongo tu akaenda zake. Mvuto wa pili.

"Naona kidole!"

Ilikuwa sauti ya Nemeta, imepasuka kama mlango uliolazimishwa. Msumeno ukasimama.

"Nemeta!" akafoka mzee mwenye kikohozi. "Unajua adhabu ya neno hilo?"

"Naona kidole cha mguu! Naona kingine! Na mnihukumu, lakini naona!"

Kisha sauti ya mwanamke mwingine, kutoka juu ya mwamba, ndogo, ya mtu anayejaribu maji kwa kidole: "Na mimi naona." Halafu mwanamume. Halafu fundi mmoja wa msumeno akasema, "Hata mimi, Mheshimiwa, niko karibu, siwezi kusema sioni," na chuma kikaanguka majanini. Watu wakashuka miambani. Bi Somoe alisukumwa, akashikwa mkono, akazungukwa, na kila upande wakaanza kumwambia, wote kwa pamoja, kama watoto waliorudi kutoka safari.

"Bibi, ni miguu mitupu! Haina kiatu!"

"Vidole vimetawanyika, vimeng'ang'ania chini, kama vya mtu aliyesimama matopeni!"

"Kidole cha pili kirefu kuliko gumba. Jamani, si kama changu? Ngoja nivue." Na viatu vikaanza kuvuliwa kulia na kushoto, watu wakaegemeana, wakilinganisha vidole vyao na vya jiwe.

"Na juu ya vifundo kuna nguo! Ona pindo! Miraba!"

"Kama suruali ya Mheshimiwa!" akasema mtu, kicheko kikalipuka, kisha kikakatika.

Kunobari alikuwa ameinuka kitini. Bi Somoe alisikia joho lake likikwama kwenye kiti, likichanika, na hatua nzito zikiteremka shimoni. Aliposema, alisema kwa sauti ya chini, ya mtu wa kijijini.

"Mama yangu alikuwa na miguu hii. Alikuwa na sugu hapa, pembeni." Akavuta pumzi. "Shimo limechimbwa likapigwa changarawe chini, kwa makini. Hawakuzama hawa. Walipandwa."

Neno likazunguka umati kwa minong'ono. Walipandwa. Wazee wao waliipanda miungu yao kama miche, miguu ndani ya ardhi ya Brivali ipate kunywa, wakawaachia wana wao kazi ya kumwagilia. Kisha wakaja wapita njia, na wana wakasahau.

"Kumbe tulikuwa tunamwagilia," akasema Nemeta. Alikuwa analia na kucheka pamoja. "Miaka yote hiyo, hatukuacha."

Wakaufukia udongo kwa mikono yao, taratibu, na kila mtu alitaka kutia konzi yake. Halafu Kunobari, kwa mazoea, akamwomba mgeni afungue leso athibitishe, japo mara moja, kwa ajili ya kumbukumbu.

"Mheshimiwa, umeona mwenyewe?"

"Nimeona."

"Basi andika hivyo."

*

Walimsindikiza wote, naye bado kafungwa macho, Nemeta kamshika mkono. Nemeta alimwambia njiani kwamba miguu ya marumaru imebaki kwenye mkokoteni, yote sita imeelekea upande mmoja, haina mtu juu yake. Alimwambia kwamba Bibi wa Farasi amekwisha zungukwa na watu wenye majembe. Na alimwambia, kwa sauti ya kujivuna asiyojaribu kuificha, kwamba msafara huu anautangulia yeye.

Bi Somoe akasikia mto.

"Tunapita wapi?"

"Darajani."

"Limekwisha?"

"Limekwisha."

"Nani kasema?"

"Mimi."

Mbao zikalia chini ya miguu yao, miguu mingi mitupu, bila haraka. Nyuma kabisa Vindomaro alikuwa analalamika kwamba daraja bado liko kwenye foleni. Kisha akanyamaza, na baada ya kitambo Bi Somoe akasikia viatu vyake navyo juu ya mbao.

Alifungua leso akiwa amekwisha ligeuzia lango mgongo.

Siku hizi, magofu ya Ngomwe yakiwa na wageni, yeye huketi kwenye baraza ya nyumba ya babake, chini ya ukuta ulionyooka, na wakimsogelea huwasimulia habari za Brivali. Daima yuko mmoja wa kuuliza kama aliiona miguu hiyo kwa macho yake. Bi Somoe, anayependa kuaminiwa kuliko mtu yeyote, huinua kidevu.

"Sikuiona," husema. "Nimeambiwa na wenyewe."